Wajina Mpakani

Kwenye picha ya pasipoti mwanangu hana shingo. Ana mashavu mawili, kipara kinachong'aa kwa taa ya studio, na mdomo ulio wazi kama mtu aliyekatizwa katikati ya maneno. Alikuwa na miezi mitatu. Mpiga picha wa pale mjini Babati alitaka mtoto aonekane peke yake mbele ya shuka jeupe, na mtoto wa miezi mitatu hawezi kukaa peke yake, kwa hiyo mama mkwe wangu aliingia nyuma ya shuka akamshikilia kwapani kupitia kitambaa. Ukiangalia vizuri utaona vivimbe pembeni ya mbavu. Ni vidole vya bibi.

Tulipiga picha ile kwa sababu mume wangu alikuwa amepata kazi Nairobi na mpango ulikuwa tumfuate. Mpango haukwenda popote. Mkoa wa Manyara ulikuwa umeanza, ofisi zinafunguliwa kila mwezi, zinatafuta watu wenye shahada, na mimi nikaajiriwa katika mojawapo. Nikabaki Nangara, pale pale Babati, na mama mkwe na mtoto. Pasipoti ikakaa kabatini karibu miaka minne. Mtoto hakukaa kabatini. Aliota nywele, akaota meno, akapoteza moja kwa kuanguka kwenye ngazi za jirani, akarefuka, akapata shingo.

Mume wangu alikuja mara ya mwisho Krismasi ya mwaka juzi. Baada ya hapo alikuwa na sababu za kutokuja. Zilikuwa nyingi, zote za kweli, na mimi sikuipenda hata moja. Kisha akapata nafasi ya kusoma Uholanzi, miaka mitatu. Visa ikachelewa mpaka sote tukaamini haitatoka, halafu ikatoka siku mbili kabla ya ndege. Akapiga simu.

"Siwezi kufika Babati nikarudi," alisema. "Njooni nyinyi. Asije akanisahau kabisa."

Nilitaka kumwambia kwamba mtoto hawezi kumsahau mtu ambaye hajamkariri. Miaka mitatu ingemaanisha arudi kumkuta mtoto wa miaka saba, na miaka saba siyo umri wa kuletewa baba mpya. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: tufike Nairobi kesho kabla ya usiku, au tusifike.

Sasa lazima nieleze habari ya jina, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotukuta.

Mwanangu amepewa jina la mama mkwe wangu. Upande wa mume wangu mke hatamki jina la mama mkwe, hata likiwa la mtu mwingine. Nilipoelezwa hivyo, mtoto akiwa na wiki moja, niliuliza kwa nini. Mimi huuliza. Nilisomeshwa niulize, ada ikalipwa.

"Siku ukimgombeza," mama mkwe alisema, "utakuwa unamgombeza nani?"

"Mtoto."

"Kwa jina langu?"

"Sasa nimwite nani?"

"Mwite Mama. Wote tunawaita hivyo waliorithi majina ya wazazi."

"Na nikimgombeza Mama?"

"Huyo ni mama yako wewe. Mgombezane."

Sijawahi kupata jibu la hoja hiyo. Basi mtoto akawa Mama. Mama, shuka mezani. Mama, nani amemwaga uji? Bibi yake alimwita wajina, kwa kuwa wana jina moja. Majirani nao waliniita mimi Mama Mama, na hakuna aliyeona ajabu.

Mume wangu ndiye aliyeharibu zaidi. Kila Jumapili alipopiga simu alianza kwa kumwamkia mtoto: "Shikamoo, Mama!" Na mtoto, aliyefundishwa na bibi yake, alijibu kwa sauti nzito: "Marahaba, mwanangu. Umekula?" Nyumba nzima inacheka. Mimi peke yangu nilisema tunamchanganya mtoto, nikaambiwa nimesoma sana. Haikuchukua muda mtoto akafikia hitimisho la haki kabisa, kwamba kila amwitaye Mama ni mwanawe. Na mimi nikiwemo.

Picha ilinisumbua tangu jioni ile ya simu. Asubuhi nilipitia kwa karani mmoja anayefahamu mambo ya hati, nikamwonyesha pasipoti na mtoto pamoja.

"Iko hai," alisema.

"Lakini hafanani."

"Watoto wanakua, dada. Siyo kosa."

"Na wa mpakani wanajua kwamba watoto wanakua?"

Alicheka, akasema kubadilisha picha ni kuomba pasipoti upya, na pasipoti mpya haipatikani leo. Mama mkwe alisuka nywele za mtoto mistari mizuri ya kurudi nyuma, ili apendeze kwa baba yake. Nilimwomba amwache na nywele fupi walau afanane kidogo na kipara chake cha zamani. Akaniangalia kama nimesema tumpeleke uchi.

Tulifika mpakani mchana. Dereva wa basi dogo tulilopanda Arusha alitutangazia tugonge mihuri haraka, abiria wote turudi pamoja, hasubiri mtu. Nilisimama kwenye foleni nimemshika mtoto mkono. Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja mfanyabiashara, mnene, mwenye mikoba mitatu na maoni kuhusu kila kitu.

Afisa alikuwa kijana wa rika langu, shati limenyooka. Aliitazama picha, akainama juu ya kaunta akamtazama mwanangu, akairudia picha.

"Huyu mtoto ni wako?"

"Wangu."

"Mbona hafanani na picha?"

"Picha ni ya miezi mitatu. Hata wewe hufanani na yako ya miezi mitatu."

Hakucheka. Nilijua nimeanza vibaya. Kuna watu wanaweza kuwa wapole mbele ya dirisha la ofisi, mimi sikujaliwa.

"Hapa amezaliwa Arusha. Wewe umesema mnatoka Manyara."

"Amezaliwa Babati. Babati ilikuwa Arusha. Sasa ni Manyara."

"Kwa hiyo mlihama."

"Hatukuhama, kaka. Mkoa ndio ulihama."

Yule mama wa mikoba akaguna kwa raha. Afisa akafanya jambo ambalo kwa kweli ndilo lililopaswa kufanywa na mtu yeyote mwenye akili, akamwacha mama mbishi akamgeukia mtoto.

"Mrembo, hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Mama."

"Siyo mama yako. Wewe."

"Mimi Mama."

"Haya. Na huyu aliyekushika mkono, nani wako?"

Mwanangu aliinua uso akanitazama. Nilimwombea kwa macho. Nikambonyeza kiganja, jambo ambalo afisa aliliona.

"Huyu?" alisema mtoto. "Huyu mwanangu."

"Makubwa!" alisema mama wa mikoba. "Muulize wajukuu anao wangapi!"

Foleni ikacheka mpaka nyuma. Mwanangu akacheka nao, maana nyumbani watu hucheka hapo hapo. Mimi na afisa tu hatukucheka. Aliifunga pasipoti, akaweka kidole juu yake.

"Dada, sogea pembeni."

"Naomba nikueleze."

"Utaeleza. Sogea, wengine wapite."

Nilieleza nikiwa pembeni, kila alipopata nafasi kati ya muhuri na muhuri. Nilieleza habari ya mama mkwe, ya jina, ya simu za Jumapili. Nilisikia maneno yangu yakitoka na nikajua yanasikikaje: mwanamke ana mtoto asiyefanana na picha, mtoto hajui jina lake, hajui mama yake, na mwanamke analo jibu refu kwa kila kitu. Kama ningekuwa upande wa pili wa kaunta nisingemruhusu. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Nilitaka afisa awe mjinga ili nimkasirikie kwa amani, na hakuwa mjinga. Watoto huibwa. Picha za zamani ndizo hutumika.

"Sawa," alisema hatimaye. "Tufanye rahisi. Mwite kwa jina lililo humu. Akiitika nitakuelewa."

Mtoto alikuwa amesogea ukutani anahesabu vigae kwa unyayo, ametupa mgongo. Nilifungua mdomo.

Kwa karibu miaka minne nilikuwa nawaambia watu kwamba mimi siamini mambo haya, nafuata tu kwa adabu, na siku nikitaka kulitaja jina lile nitalitaja kama jina lolote. Sasa nilitaka, na halikutoka. Nilimwona mama mkwe amekaa jikoni anachambua mchele na kusimamisha mikono kusikiliza. Jasho lilinitoka kwenye mdomo wa juu. Afisa aliona hilo pia. Alikuwa anaona kila kitu siku ile.

Mwishowe nilitamka, kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwomba jirani chumvi.

"Hajasikia," alisema afisa. "Kwa sauti. Majina yote mawili."

Nikapaza sauti, majina yote mawili, la kwanza na la ukoo.

Mtoto aligeuka papo hapo. Akanyoosha mkono juu, akajibu kwa nguvu:

"Hajaja leo!"

"Nani hajaja?" aliuliza afisa.

"Bibi. Miguu inamuuma."

Ilibidi nielewe kabla ya kueleza. Mama mkwe ana kisukari. Siku za kliniki huenda na wajina wake kwa sababu mimi niko kazini, na masikio yake siyo mazuri, kwa hiyo nesi akisimama mlangoni kuita majina, mtoto ndiye huitika kwa niaba yake. Yupo. Anakuja. Hajaja leo. Katika maisha yake yote mwanangu hakuwahi kulisikia jina lake mahali pengine isipokuwa pale, na lilikuwa la bibi.

"Naomba namba ya baba yake," alisema afisa. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo lilinitisha.

Dereva akachungulia mlangoni. "Dada wa Babati! Vipi?"

"Dakika tano, kaka yangu."

"Nimeshawapa watu dakika tano mara tatu. Mnapanda au mnabaki?"

"Wanabaki," alijibu afisa badala yangu, akibonyeza namba. Dereva alinitolea begi letu, akaliweka kizingitini kwa heshima, akaondoka na abiria wake. Mama wa mikoba alinipungia mkono dirishani. Alionekana kusikitika kweli, ila nadhani alisikitikia zaidi kwamba hataona mwisho.

Afisa alituingiza kwenye ofisi ndogo nyuma ya kaunta, simu ikiwa bado inaita. Humo kulikuwa kimya kiasi cha kusikia upande wa pili wa simu. Mume wangu ana sauti ya mtu aliyezoea kupiga simu kutoka mbali.

"Una mtoto wa kike?" aliuliza afisa.

"Ninaye, ndiyo. Kuna nini? Wako salama?"

"Wako salama. Mtoto anaitwa nani?"

"Mama," alisema mume wangu.

Afisa aliondoa simu sikioni akaitazama, kisha akanitazama mimi, kisha akairudisha.

"Nauliza jina."

"Yaani, afande, ana jina la mama yangu mzazi."

"Mama yako mzazi anaitwa nani?"

"Kwani ni lazima? Hapa niko na watu."

"Kama unataka kumwona mtoto wako leo, ni lazima."

Nilimsikia akitembea. Mlango ukafungwa. Halafu mume wangu, mtu mzima, mwenye visa ya Uholanzi mfukoni, alinong'ona jina la mama yake.

"Kwa sauti, bwana!"

Akalitaja kwa sauti. Afisa alifuata kwa kidole kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, akatikisa kichwa kukubali, akamshukuru, akakata simu.

"Limelingana," alisema.

"Kwa hiyo tunaweza kwenda."

"Limelingana kwa baba. Mtoto bado ananiambia wewe ni mwanawe. Mweleweshe hapa, mbele yangu, nimsikie akielewa."

Nilitaka kupiga kelele. Jua lilikuwa limeshageuka, na safari iliyobaki ni ya saa kadhaa. Nilichuchumaa mbele ya mtoto, nikamshika mabega.

"Mama, sikiliza. Bibi anakuita nani?"

"Wajina."

"Kwa nini?"

"Anapenda."

"Kwa sababu mna jina moja. Lile jina ambalo nesi anaita mlangoni, siyo la Bibi peke yake. Ni lako pia. Wewe ndiye unaitwa hivyo."

Alinitazama. Niliona jambo hili linaingia kichwani mwake, linakaa, linaanza kutafuta maana. Nikajipongeza. Midomo yake ikaanza kutetemeka.

"Siyo mimi," alisema.

"Ni wewe pia."

"Siyo mimi! Sitaki kidole! Sitaki!"

Anayeitwa jina lile huingia ndani akatobolewa kidole mpaka damu itoke. Yeye huwa anashika mkono wa pili wa bibi wakati wanatoboa. Na sasa mtu mwenye shati la kunyooka alikuwa amekaa mezani, ana kalamu, ana karatasi zenye jina, na mimi nimesema jina ni lake. Alinirukia shingoni. Alipanda juu yangu kama mtu anayepanda mti akikimbia ng'ombe, akapiga teke kikombe cha chai cha afisa, akaniziba pumzi.

"Mama! Mama usinipeleke! Mama yangu wee, twende nyumbani!"

Nilijaribu kumwambia kwamba hakuna nesi. Hakusikia. Alizika uso kwenye shingo yangu na kamasi zote, akashika sikio langu kwa kucha, kama alivyofanya enzi za kunyonya. Kwa mara ya kwanza siku ile sikuwa na neno la kueleza, na sikulitafuta. Nilimbeba tu, nikasimama, nikaanza kutembea huku na huku ndani ya chumba kidogo cha serikali nikimpigapiga mgongo.

Afisa alifuta chai mezani kwa kitambaa chake mwenyewe. Alisubiri kilio kipungue.

"Bibi mdogo," alisema taratibu, "nani huyo unamlilia?"

"Mama yangu!" alijibu kwa hasira, bila kuinua uso. "Mwache!"

Muhuri uligongwa mara mbili, wake na wangu. "Mkirudi nyumbani mkabadilishe hiyo picha," alisema. "Na hilo jina mkamzoeshe. Siku nyingine mtakutana na mtu asiye na muda."

Nilisema asante, na nilikuwa na hasira, na asante ilikuwa ya kweli. Upande wa pili tulihojiwa kidogo tu, mtoto alikuwa ameshikilia shingo yangu kiasi kwamba hakuna aliyeuliza ni wa nani. Tulikaa kwenye begi karibu na barabara mpaka gari lingine likapatikana. Alilala mapajani mwangu njia nzima, na mimi nikabishana kimoyomoyo na watu wote, mama mkwe, mume wangu, karani, mpiga picha. Niliwashinda wote, haikunisaidia kitu.

Jioni ikiingia tulishuka Nairobi. Mume wangu alikuwa amesimama stendi, amekonda, amevaa koti jipya la baridi lenye alama ya bei iliyosahaulika kwenye mkono. Alikuja mbio amefungua mikono.

"Shikamoo, Mama!"

Mtoto aliitambua sauti. Niliona. Alitabasamu, akageuka akautazama mkoba wangu, mahali simu ilipo. Kisha akamwona mwanaume amechuchumaa mbele yake amefungua mikono, akanishika sketi akapita nyuma yangu.

"Mwambie basi," mume wangu alisema.

"Mwambie mwenyewe. Mimi leo nimeeleza vya kutosha."

Nilipaswa kumhurumia, na nilimhurumia baadaye. Chumbani kwake mtoto alikubali kupokea maandazi kutoka kwake endapo yatawekwa kwanza mezani. Alikula akimwangalia kichwa, kidevu, mikono. Alikataa kubebwa. Alikataa kuimbiwa. Mume wangu alitoa simu mfukoni, akasimama nyuma ya pazia akanipigia mimi, na mtoto akazungumza naye kwa furaha kabisa kuhusu ng'ombe wa jirani na miguu ya bibi, amekaa hatua chache kutoka pazia lile. Nilishikilia simu nikasikia sauti moja kwa masikio mawili. Alipotoka nyuma ya pazia, mtoto alinyamaza.

Asubuhi teksi ilikuja mapema. Mtoto alikuwa ameshaamka, amekaa kwenye kona ya kitanda, miguu inaning'inia. Mume wangu alifunga sanduku, akalisimamisha, akavaa lile koti. Alinikumbatia. Akamtazama mtoto bila kumsogelea, kwa kuwa jana alikuwa amejifunza kitu.

Mtoto alilitazama sanduku, akamtazama yeye. Akasema naye kwa mara ya kwanza ana kwa ana.

"Unaenda wapi?"

Teksi ilipiga honi. Mume wangu alinigeukia, kwa ile sura anayonipa akitaka nijibu kwa niaba yake. Lilikuwa swali halali, na aliyeulizwa ni yeye.

Akakaa juu ya sanduku, koti lake mwilini, wakawa wanatazamana usawa mmoja, akaanza kumweleza.